Samaki Aliyenyimwa Kamau

Pale Thika, ukitoka sokoni kuelekea upande wa viwanda, kuna safu ya vibanda ambako samaki huanza kukaangwa jua likiwa bado halijakolea. Harufu hukufikia kabla hujaona moshi: mafuta yaliyotumika tena na tena, chumvi, ngozi ya perege ikijikunja kwenye karai. Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimekaa Voi, nimekaa Kitale, nimekaa kaskazini ambako mchanga huingia hata katikati ya meno, na kila ninaporudi nyumbani harufu hiyo ndiyo hunipokea kabla ya ndugu zangu. Juzi niliketi kwenye benchi la kibanda kimoja. Mbele yangu alikuwa mzee wa kwetu, Mkikuyu wa umri wa kunizaa, kofia ameiweka kando kwa adabu, ananyonya kichwa cha samaki. Alikuwa fundi: jicho kwanza, kisha shavu, kisha kale kaubongo kadogo. Alipomaliza alijipangusa kidevu, akaniambia kwa furaha, akiniita mama kwa Kikuyu, "Hii kitu ni tamu, maitu. Tulikuwa wajinga sana zamani."

Akacheka. Mwenye kibanda akacheka. Mimi niliinuka nikaacha chakula changu, kwa sababu ningebaki ningemtupia sahani.

Nivumilieni niwaeleze kwa nini.

Tuliishi kwenye laini za wafanyakazi, zile safu za vyumba vya udongo, katika shamba kubwa la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipowashuku Wakikuyu wote kuwa waasi. Laini yetu, ya Wakikuyu, ilizungushiwa seng'enge, na langoni alisimama askari aliyefungua asubuhi na kufunga jioni. Ng'ambo ya seng'enge, karibu kiasi cha kusikiana wakikohoa, ilikuwa laini ya watu wa magharibi, Waluo na Waluhya, waliokuja kufanya kazi kiwandani mle shambani. Wao hawakuzungushiwa kitu. Tulichoshirikiana ni mfereji mmoja wa maji na harufu ya kahawa iliyochacha, ambayo baba alirudi nayo kila jioni kutoka kwenye mashine za kuambua kahawa, imemkaa mpaka kwenye kope.

Kabla ya hapo tulikula. Nakumbuka kwa babu, upande wa Githunguri: maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu, njahi, yale maharagwe yetu meusi ya kuteleza, viazi vitamu vilivyochomwa majivuni, mafuta ya mbuzi yanayoganda mdomoni ukichelewa kumeza. Halafu nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa wasionekane tena, na watu wakasongamanishwa katika kijiji kilichochimbiwa mtaro. Babu alifia humo mwaka ule ule. Baba aliomba pasi ya kwenda kumzika, akanyimwa. Alizikwa na watu wengine, na hadi leo hakuna anayejua vizuri ni wapi.

Shambani tulikuwa na posho. Unga mweupe, uliopimwa kwa debe siku ya Jumamosi. Ugali asubuhi, ugali jioni, na maji ya chumvi ya kuchovyea. Mboga ilipatikana mama akiwahi kuchuma magugu kabla lango halijafungwa, na mara nyingi hakuwahi. Jambo la ajabu ni kwamba tulishiba. Tulishiba kila siku, matumbo yakalia kama ngoma, na huku tukawa tunapukutika.

Lazima niwaeleze majina yetu, kwa sababu majina ndiyo yaliyoamua nani ale nini. Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake baba, Nyambura. Kwa hiyo baba hakuniita Nyambura. Aliniita maitu, mama yangu. Walionifuata walikuwa mapacha wa kiume. Aliyetangulia kutoka akapewa jina la baba yake baba, Kamau. Aliyemfuata akapewa jina la baba yake mama, Njoroge. Basi baba alimwita Kamau "Baba", na mama alimwita Njoroge "Baba". Chumba chetu kimoja kikawa na wazee wawili wenye heshima zao, na wote wawili wakikojoa kitandani. Mama alikuwa akipaza sauti, "Baba, toa kidole puani!" na majirani wakipita nje wanacheka mpaka wanashika ukuta. Baba naye, hata akiwa amechoka vipi, alimpokea Kamau mapajani akimwuliza habari za mbuzi na za mashamba, na Kamau, ambaye hakuwa amewahi kuona mbuzi wetu hata mmoja, alimjibu kwa kirefu.

Walikuwa na umri wa miaka mitatu hivi walipoanza kuvimba.

Ilianzia miguuni. Ukibonyeza kidole, kishimo kilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Nyuso zikawa za duara, zinang'aa, na wageni walidhani ni unono. Nywele ziligeuka rangi ya ndevu za mahindi, ukizishika zinatoka. Kilichonitisha mimi ni kimya. Wale wazee wawili waliokuwa wakigombania kila kijiti waliacha kugombana. Walikaa ukutani, vitumbo mbele, wakitazama kuku wa jirani bila kumfukuza.

Mama aliwapeleka kwa dresa, mtu wa dawa wa shamba. Dresa hakupoteza muda. "Ni kwashakoo. Wape maziwa. Wape mayai, nyama, hata samaki."

"Ya wapi?" mama akauliza.

"Hiyo sasa si kazi ya dawa," dresa akasema, akaita mwingine.

Na maziwa yalikuwepo! Hili nataka mlishike. Ng'ombe wa bwana shamba walilala umbali wa kutupa jiwe kutoka kwetu. Niliyaona makopo ya maziwa yakipakiwa kila asubuhi, na niliona bakuli la mbwa wake kwenye baraza, maziwa yamebaki, nzi wanaogelea. Mayai yalikuwepo. Nyama ilikuwepo. Hakuna chakula alichotaja dresa ambacho hakikuwa mle shambani, mbele ya macho yetu.

Samaki pia alikuwepo.

Ng'ambo ya seng'enge aliishi Mama Atieno, mwanamke mpana wa mabega na wa sauti, ambaye mumewe alikuwa kwenye mashine pamoja na baba. Alivua kwenye bwawa la shamba kwa kikapu, akapasua samaki, akawaanika juu ya bati la nyumba yake. Upepo ukivuma kutoka upande ule sisi watoto tuliziba pua na kutapika kwa uongo. Tulifundishwa hivyo. Mkikuyu hakula samaki. Samaki ni ndugu wa nyoka, tuliambiwa, na anayemla ni mtu asiye na ng'ombe wala mbuzi, mtu wa kuokota. Kitu ambacho sikukitilia maanani wakati ule ni kwamba watoto wa Mama Atieno walikula posho ile ile, kutoka debe lile lile, na walikuwa na miguu kama michi.

Siku moja mferejini Mama Atieno alimtazama Kamau mgongoni kwa mama, akambonyeza mguu, akatazama kishimo.

"Mama Nyambura, hii mtoto inakula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Chumvi si mboga, mama. Hata ng'ombe ikilamba chumvi bado inatafuta nyasi. Kwetu mtoto ikivimba hivi tunapatia supu ya samaki mpaka ikatae yenyewe."

"Sisi hatuli samaki."

"Kwani amewakosea nini?"

"Ni nyoka wa maji," mama akasema, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kitu asichokiamini.

Mama Atieno alishika kiuno. "Nyoka! Nyoka gani iko na mapezi? Nyinyi watu mnaogopa samaki imeshakufa na imeanikwa. Ikiwa mzima mtahama?"

Mama alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu. Jioni ile, kabla lango halijafungwa, mkebe wenye kifuniko ulipita chini ya seng'enge ukaingia ndani ya leso ya mama.

Baba alisimama mlangoni kabla hata hajavua viatu. Pua yake ilimwambia.

"Nini hiki?"

"Ni supu. Dresa mwenyewe alisema, Baba Nyambura. Alisema hata samaki."

"Umempa?"

"Nataka kuwapa sasa."

Baba alimwinua Kamau kutoka sakafuni, akamweka upande wake, mbali na mkebe. Hakupiga kelele. Mpaka leo naona afadhali angepiga kelele. "Huyu ni baba yangu," alisema. "Baba yangu alikuwa na ng'ombe. Baba yangu hakuweka nyoka mdomoni maisha yake yote, na hatawekewa nyumbani kwangu. Hicho ni chakula cha watu wasiotahiriwa."

"Atakufa."

"Basi afe akiwa mtu."

Mama aliufunua mkebe. Kisha akamvuta Njoroge. "Na baba yangu mimi je?"

Baba alimtazama Njoroge kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake. "Huyo ni wa kwenu. Wa kwenu mlishe unavyotaka."

Mama hakungoja arudie. Alichovya kidole kwenye supu, akamlambisha Njoroge, kisha kijiko, kisha akamchambulia nyama nyeupe akiitafuta miiba kwa ulimi wake mwenyewe, yeye aliyekuwa hajawahi kugusa samaki, machozi yakimtoka kwa kichefuchefu. Njoroge alikula. Na ng'ambo ya moto, kwenye paja la baba, Kamau alinyoosha mkono.

Toka siku hiyo mapacha wawili waliolala tumbo moja walikula kwa majina yao. Mkebe ulipita chini ya seng'enge, wakati mwingine na samaki, wakati mwingine na kumbikumbi waliokaangwa, na vyote vikaenda kwa Njoroge. Kamau alipewa ugali, na siku ya bahati maharagwe machache, ambayo baba alijinyima kwenye sahani yake. Ndiyo, alijinyima. Sisemi hakumpenda. Alimpenda, na kila jioni aliporudi alimbeba, akamwuliza habari za mbuzi, akainama akamnusa mdomo.

Alimnusa mdomo. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kwenye karatasi nikaitupa.

Mama alijaribu mara moja. Mchana, baba akiwa kiwandani, alimpa Kamau supu na kumsugua mdomo kwa majani ya mkaratusi. Jioni baba aliinama, akanusa, akainuka. Alimpiga mama kofi moja, kisha akasema jambo zito kuliko kofi: akirudia, atamwendea karani wa shamba amfute mama na watoto kwenye chumba chake, warudishwe kwenye kijiji cha mtaro. Mama alikijua kile kijiji. Alijua watoto wangapi walikuwa wakitolewa humo wakiwa wamefunikwa. Hakurudia.

Njoroge alianza kupungua uvimbe. Kwanza miguu, kisha uso. Kisha siku moja nilisikia kelele nje, nikakimbia, nikamkuta amempokonya mtoto wa jirani kijiti. Mama alikaa chini pale pale mlangoni akaangalia ule ugomvi kama mtu anayeangalia arusi. Nywele mpya zilichomoza nyeusi chini ya zile nyekundu. Kamau alibaki ukutani.

Mvua ndefu zilikuja. Kuna siku, baada ya mvua ya mchana, jua lilitoka na kumbikumbi wakapaa kutoka kila ufa wa ardhi, wengi mpaka hewa ikameta. Watoto wa laini ya pili walikimbia na mabeseni wakiimba. Njoroge alipenya chini ya seng'enge akawafuata, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu wa kwetu aliyemkemea. Aliwakamata hewani, akawang'oa mabawa, akawatia mdomoni wazima wazima, akicheka, mabawa yamemganda kwenye mashavu. Niligeuka nimwambie mama atazame. Mama alikuwa ameketi kwenye kizingiti, Kamau mapajani. Alikuwa anamfukuzia nzi usoni, polepole, na nikaona kwamba nzi hawakuwa wanaondoka, na Kamau hakuwa anapepesa macho.

Baba aliitwa kutoka kiwandani. Alipomwona alisema, "Baba," mara moja tu. Safari hii pasi alipewa, ya kumzika, nyuma ya laini, pale pale shambani.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, maana hasira yangu haikuishia pale, ilisafiri nami. Nilipokuwa mtu mzima, baada ya sekondari na kazi nyingi ambazo sikudumu nazo, niliajiriwa upishi katika kambi ya watu waliochimba mifupa ya kale, huko kaskazini karibu na ziwa. Kutwa nzima walichekecha mchanga. Jioni walipanga walichokipata kwenye meza ndefu hemani: mawe yaliyochongwa makali, vipande vya mifupa ya wanyama vyenye mikwaruzo ya mawe hayo, na miiba ya samaki. Pingili za uti wa mgongo wa samaki, magamba ya kobe, na mifupa iliyovunjwa makusudi ili kunyonya uboho. Nilipokuwa nikiwapelekea chai nilisimama nikaangalia. Kijana mmoja wa chuo, Mkenya, alipoona navutiwa alinieleza.

Alisema watu wale waliishi zamani isiyohesabika, kabla ya nguo, kabla ya jembe, pengine kabla hata ya kuongea vizuri. Mnyama wa majani na mizizi, alisema, huhitaji tumbo kubwa na meno makubwa, maana kutwa anatafuna na kutwa anasaga. Halafu watu wale wakaanza kukata nyama kwa jiwe, kupasua mifupa, kuinama kwenye maji ya kina kifupi na kuokota samaki na kobe, na baadaye kupika. Chakula kikawa kizito, kazi ya tumbo ikapungua. Vizazi kwa vizazi tumbo likanywea, meno yakawa madogo, na kichwa kikakua, kwa sababu ubongo ni mlaji mkubwa kuliko viungo vyote, na hasa wa mtoto. "Mwili huu wetu, mama, ndivyo ulivyojengwa," akaniambia, akijigonga kifua. "Ukiunyima, unaanza kujibomoa."

Nilisimama na birika mkononi. Nilikuwa nimemwona mtu akibomoka. Tumbo lilikua, kichwa kikalala. Njia ambayo binadamu alitembea kwa zamani isiyohesabika, ndugu yangu alirudishwa kinyumenyume katika msimu mmoja wa mvua. Na mtu yule wa kale, asiye na suruali, asiye na babu wa kujivunia ng'ombe, alipomwona samaki majini aliinama akampa mwanawe. Hakumwuliza jina. Nilikwenda jikoni nikavunja vikombe viwili vya watu.

Kwa sababu kuna jambo sijawaambia. Miaka michache baada ya Kamau, seng'enge ilipong'olewa, mama alizaa mtoto mwingine wa kiume, na kwa desturi jina likarudi: Kamau. Huyu alipoanza kula, baba mwenyewe alikwenda kwa Mama Atieno. Alirudi na perege wawili kwenye gazeti. Aliketi kwenye kigoda, akachambua nyama kwa vidole vyake, akiipapasa kutafuta miiba, akamlisha. "Kula, Baba," alimwambia. Yeye hakuonja, hajawahi kuonja. Lakini Kamau wa pili alilishwa mpaka akawa mtu wa kuinama mlangoni. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo. Nilitazama vile vidole. Kumbe iliwezekana!

Sikuuliza. Baba haulizwi. Ila nilipotoka kambini kule ziwani sikupitia kwingine, nilikwenda moja kwa moja Gatongora, upande wa Ruiru, ambako wazazi wangu walikuwa wamepata kipande cha ardhi na nyumba ya mbao. Nilimkuta baba uani, amezeeka, anapukuchua mahindi.

"Baba," nilisema, "yule wa pili ulimpa samaki kwa mkono wako. Yule wa kwanza ulimnyimia nini?"

Alipukuchua gunzi lile lote mpaka likaisha. Ndani nilisikia mama ameacha kuosha vyombo.

"Wakati ule, maitu," akasema, "sikuwa na kitu kingine cha kukataa."

Nilipokuwa mtoto niliamini baba alichukia samaki; baadaye niliamini alimpenda babu kuliko Kamau. Yote mawili hayakuwa kweli. Askari alimwambia aingie saa ngapi, akasema ndiyo. Nyapara alimwambia ale saa ngapi, akasema ndiyo. Karani alimwambia hataenda kumzika baba yake, akavua kofia akasema ndiyo, bwana. Walimchukulia kila kitu, mpaka mdomoni mwake ikabaki hapana moja tu, na mahali pekee ambapo ingetiiwa ni ndani ya kile chumba chetu cha udongo. Hilo nimelielewa, na waliomfungia humo siwasamehei. Lakini na yeye pia simsamehei, kwa sababu hapana yake ile moja aliitumia kwa mtu pekee mle shambani ambaye hakuwa na nguvu hata ya kulia.